Mashine Yangu Haiumwi

Jumatatu, 3 Novemba

Vita vimeanza! Sirkku, injinia mpya wa matengenezo, kaingia kiwandani na boksi la vidude. Vidogo kama kiberiti, vina sumaku mgongoni. Kabandika kimoja kwenye kila mashine. Kidude kinasikia mtikisiko na joto, halafu kinapeleka umbea kwenye simu yake, popote alipo. Eti mashine ikianza kuumwa tutajua kabla haijaanguka.

Nimemwambia binti, Hilkka haumwi. Hilkka ni mashine yangu ya kukanda unga. Nimemtunza mimi, Taavetti, tangu huyu binti hajazaliwa. Nampiga nyundo ubavuni, natega sikio, najua yote. Ufini nzima hakuna fundi kama mimi!

Bosi Hannele katangaza: Jumatatu ijayo, mashine itakayotikisika kuliko zote inaenda chuma chakavu, na mtunzaji wake anahamia kufungasha mikate. Kufungasha! Chini ya Kalervo! Kalervo kanishika bega, kasema usihofu mzee mwenzangu, aproni ya saizi yako ipo.

Hainipati. Nimeapa.

Jumanne, 4 Novemba

Simu ya Sirkku imewaka nyekundu. Nani? Hilkka. Anasema beringi yake, ile pete inayobeba mhimili, inakufa, nimwachie mchana huu tu aifungue na kuibadilisha. Kumfungua Hilkka mbele za watu! Sikubali.

Nikachukua bomba la grisi. Nikasukuma mpaka ikatokea upande wa pili. Dawa nyingi, kupona haraka! Hilkka akapata moto kama kikaango. Sirkku kasema, "Mzee wangu, beringi ikishiba kupita kiasi inachemka. Umemvimbisha." Nimemjibu kunenepa ni dalili ya afya.

Simu imezidi kuwa nyekundu. Simu mbovu.

Jumatano, 5 Novemba

Akili hizi! Sijui nazitoa wapi!

Kidude kinabanduka kwa kucha tu. Nimekitia mfuko wa kifuani. Moyo wangu unadunda taratibu, moyo wa fundi. Mara simu ikawa kijani! Sirkku katoa macho. Bosi kanipa hongera, kasema mzee ana mkono wa dawa. Nikakubali.

Shida moja. Nikitembea, kinatikisika. Basi nimekaa kitini siku nzima kama bwana harusi. Hilkka kaanza kukoroma vibaya, na siwezi kumwendea. Nimempungia mkono.

Alhamisi, 6 Novemba

Alhamisi ni supu ya njegere, leo kama siku zote. Kalervo kakaa mbele yangu. Kanusa jambo huyu. Kaanza kusimulia mkwewe alivyoteleza kwenye barafu kakumbatia samaki, samaki akafika nyumbani kabla yake. Nikabana cheko. Likanishinda. Njegere zikatoka puani!

Sirkku kaja mbio, anauliza nani kamgusa Hilkka, maana kapata dharuba. Kisha kauliza mbona kila baada ya chakula Hilkka hulala fofofo. Nimemwambia hata mashine ina umri wake, binti, iheshimu.

Kaenda zake anakuna kichwa. Nashinda! Nashinda!

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya sauna, ya kuoga kwa mvuke. Nina mafua, na kidude nacho kimepoa kama chura. Nikiache kwenye koti? Kitanichongea. Nimepanda nacho benchi la juu. Nikamwagia mawe ya moto maji, tsss! Mvuke mzuri! Nikajichapa kwa matawi ya mti wa mbetula, kama desturi yetu, na chenyewe nikakichapa kidogo mgongoni. Sote tukapata nguvu.

Nje king'ora cha zima moto kikapita kasi kuelekea kiwandani. Maskini, nani anaungua? Nikaongeza maji.

Jumapili, 9 Novemba

Balaa.

Jana simu ya Sirkku ilimwambia Hilkka ana joto la nyuzi tisini, tena anapigwa. Kaita zima moto. Na ilikuwa Jumamosi jioni, kila mtu yuko sauna kwake! Sirkku kafika na vazi la kuogea na mabuti. Bosi na kilemba cha taulo. Kalervo na taulo pekee, theluji hii! Mlango ukavunjwa. Ndani giza, Hilkka wa baridi kama jiwe la kaburi. Na kidude hana.

Kalervo kwa kiherehere chake kasema twendeni kwa Taavetti. Nikawafungulia mwekundu kama kamba aliyechemshwa, kidude mkononi. Nimesema nilikuwa nakikausha. Bosi kakichukua kwa vidole viwili, kampa Sirkku.

Jumatatu, 10 Novemba

Sirkku kashinda jana yote akimfungua Hilkka. Kanionyesha beringi: imesagika kama karanga iliyotafunwa. Kasema siku moja zaidi mhimili ungekatika. Kasema pole pole, bila kunicheka, "Ungeniachia ule mchana wa Jumanne, mzee wangu, ungebaki naye."

Beringi mpya imeingia. Hilkka anazunguka kimya kama paka. Haendi chuma chakavu! Ninayeenda ni mimi, kufungasha; Bosi kasema ni malipo ya kidude. Kalervo kanifunga aproni mwenyewe, mafundo mawili, kasema karibu mwanangu. Mwanangu! Macho yamenitoka machozi. Unga huo.

Lakini nimekaa nikawaza. Jumamosi kidude kimeoga sauna. Jumatatu Hilkka mzima. Eti beringi! Wasomi wanajidanganya. Ni mvuke! Nimegundua tiba ya mashine zote duniani, na hawa wananipa mikate nifungashe!

Mashine ya kufungashia inakohoa tangu asubuhi, maskini. Kidude chake nimeshakibandua. Nimempigia mke wangu awashe sauna leo leo, tusingoje Jumamosi.