Fundi Mapazia na Vita vya Jani la Nyanya

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, niwasimulie jinsi Fundi Mapazia, bingwa wa pindo, mshika mkasi asiyetetemeka, alivyopigana na adui asiyeonekana kwa ajili ya mche mmoja wa nyanya uliopandwa ndooni.

Mche ulikuwa wa mama mkwe wake. Naye alisafiri kwenda kumuuguza dada yake, akaacha neno moja mlangoni: “Nikirudi nikute uko hai.” Fundi hakujua kama uliosemwa ni mche au ni yeye.

Siku ya tano jani la chini likatokewa na doa la kahawia, duara ndani ya duara, limezungukwa na ukingo wa njano. Fundi akalitoboa doa kwa ustadi wa tundu la kifungo, njano akaiacha, akatangaza ushindi. Siku mbili baadaye njano yote ilikuwa kahawia, na mpaka wa adui umesonga mbele.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtumishi wa maabara ya magonjwa ya mimea, alipolitazama jani akanena:

“Shemeji, huyu ni kuvu. Meno hana. Silaha yake ni sumu anayoitengeneza mwenyewe. Anaitanguliza iue jani, kisha yeye anafuata kula mizoga. Hiyo njano ndiko sumu ilikofika kabla yake.”

“Kumbe nilikuwa nazika maiti, muuaji anaendelea na safari.”

“Basi ondoa jani zima, na lile la juu yake. Tayari lina kidoa.”

Fundi akalitazama jani la juu, kijani kibichi, kidoa chake hakizidi tundu la sindano, akaurudisha mkasi mfukoni, kwa maana kulikata ni kumpunguzia mkwe mali iliyo hai. Akasema, “Aliyetufundisha kuziba ufa hakuwa na mama mkwe.” Kisha akauchemsha mkasi, akafumba jicho moja, akakata. Majani mawili yakaanguka. Akayafunga gazetini, akayapeleka jalalani mwenyewe kwa mwendo wa jemadari.

Mama mkwe aliporudi aliinama, akageuza kila jani, juu na chini. Mwishowe akauliza, “Nani kakata hapa?”

“Ni mimi, mama.”

“Umekata vizuri, mwanangu.”

Mwanangu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na neno hilo halikuwahi kumtoka. Wanahistoria na waliandike: siku hiyo Fundi Mapazia alishona pazia zima kinyumenyume, wala hakujali.