Kadi ya Sauti Chini ya Meza

Spika aliona riziki pale wenzake walipoona takataka. Duka moja la vifaa vya kompyuta lilikuwa linafungwa, na mwenyewe alikuwa anatupa kadi ndogo za sauti, vifaa vya kuingizia muziki kwenye kompyuta, zile za kitoto, ambazo ukichomeka gitaa linalia kama nzi aliyefungiwa chupani. Spika akaziomba zote bure. Mwenye duka akampa, na juu ya hayo akamshukuru.

Tumpe heshima yake. Mtu mwingine angeuza takataka kama takataka, lakini Spika alikuwa na upeo. Alizivalisha kadi zile maboksi ya bati, mengine meusi, mengine ya fedha, mengine ya dhahabu, na ndani ya kila boksi akatia kokoto, maana mwanamuziki haamini kitu chepesi. Kisha akaomba kona kwa kinyozi, akaweka meza, kompyuta kuukuu, na kitambaa kirefu kilichofika sakafuni.

Utamu wote ulikuwa chini ya kitambaa. Huko alifunga kadi ya sauti ya kweli, ya wakubwa. Ukichomeka gitaa kwenye boksi lolote la mezani, waya ulipenya tundu kwa nyuma, ukaenda kwenye kadi ya chini, ndipo ukaingia kwenye kompyuta. Maboksi ya rangi tatu, kadi moja. Na kadi yenyewe ilikuwa ya dada yake.

Dada huyo, mpiga kinanda wa bendi ya harusi, ndiye aliyemlaza Spika kwenye kochi la sebuleni na kumlisha bila maswali mengi. Alimpa kadi aipeleke kwa fundi kwa sababu tundu moja lilikuwa limelegea.

"Ijumaa naingia studio," alimwambia. "Mdogo wangu, hiyo kadi ikipotea, tafuta kochi lingine."

Spika alikaza tundu kwa bisibisi, kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini kuirudisha mapema, kadi nzima ikae bure kabatini? Huo ungekuwa ubadhirifu.

Wateja wakaja. Mpiga gitaa mmoja mwenye kofia alichomeka kwenye boksi jeusi.

"Si mbaya," akasema, "ila halina roho."

"Una sikio, kaka! Jaribu la fedha."

"Aaa, hapa angalau."

"Na hili la dhahabu?"

Sauti ilikuwa ile ile, kama mtu mmoja aliyebadilisha shati. Mwenye kofia akafumba macho, akatikisa kichwa kama aliyefiwa. "Bwana wee, hii unaisikia mpaka kwenye magoti!"

Akaondoka na la dhahabu. Nyumbani likavuma kama nzi, akarudi amenuna. Spika akamtazama kwa huruma ya daktari.

"Linavuma? Pole. Wenye sikio la kawaida huwa wanasikia mvumo. Umeshamwambia mtu?"

"Hapana."

"Basi ibaki siri yetu."

Mwenye kofia akaondoka, na kesho yake akawaleta marafiki zake wawili. Nani anataka kuingizwa mjini peke yake?

Ndipo akaingia Mjomba. Alikuwa mpiga besi mzee, asiye na mpwa anayejulikana, lakini kila mtu alimwita hivyo. Alibeba gitaa lake la besi ndani ya blanketi, zito, limeng'aa kwa miaka ya vidole. Spika alilitazama akameza mate.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nasikia hapa mnauza sauti. Mimi fedha sina, nina hili besi tu. Tutabadilishana."

Akajaribu jeusi, la fedha, la dhahabu. Akakuna kidevu. "Yote sawa."

Spika akashtuka. "Labda sikio limechoka, Mjomba."

"Limechoka kweli, mwanangu. Siku hizi nasikilizia kiwiko. Na kiwiko kinaniambia utamu uko kwenye hii meza."

"Meza ni mbao tu!"

"Ahaa. Basi hamisha boksi tulijaribu pale kwenye kiti."

Kinyozi aliacha mkasi hewani, na mteja wake mwenye povu nusu ya uso akageuka kutazama.

"Unajua, Mjomba," Spika akasema haraka, "wewe si mtu wa kudanganywa. Hii meza kweli ina mbao ya pekee. Inalea sauti."

"Si nilisema! Basi nachukua boksi jeusi na meza yake, na vyote vilivyofungwa humo, na hiyo kompyuta. Chukua besi."

"Ngoja kwanza niifute vumbi kwa chini..."

"Usiiguse! Utaishtua!"

"Usiiguse!" akadakia mwenye povu, ambaye hakuwahi kupiga hata filimbi.

Spika alipiga hesabu ya kichwani. Besi lile lilizidi meza kumi. Kadi angeifuata kwa Mjomba baadaye, angezuga kidogo, angeichomoa. Mzee mwenyewe anasikia kwa kiwiko! Wakapeana mikono.

Alikwenda kwa Mjomba siku mbili mfululizo, akakuta mlango umefungwa. Ijumaa asubuhi alikuta umefunguliwa, na watu wamepanga foleni. Ndani, nyuma ya meza yenye kitambaa kirefu, Mjomba alikuwa anauza maboksi. Lile jeusi alikuwa amelipatia ndugu wawili, makopo ya biskuti yaliyopakwa rangi.

"Mjomba, umenigeuka," Spika akanong'ona.

"Nimekugeuka vipi? Sema kwa nguvu, wateja wasikie."

Spika hakusema kwa nguvu, kwa sababu aliyekaa mbele ya meza, kinanda mapajani, alikuwa dada yake.

"Afadhali umekuja!" dada akasema. "Huyo fundi wako wa kesho kesho amenichosha. Studio ni leo. Nichagulie, wewe si unajua haya mambo?"

"Mchagulie dada yako, mwanangu," Mjomba akasema kwa upole wa kuudhi.

Spika aliyaangalia makopo. Aliwaza dada yake studio, kinanda kikivuma kama nzi, bendi nzima ikicheka. Akawaza kochi. Mkono ukaingia chini ya kitambaa wenyewe, ukatoka na kadi.

"Dada, yako hii hapa."

Lilikuwa tendo lake la kwanza la uaminifu kwa muda mrefu, na alilifanya vibaya. Mjomba alipiga makofi.

"Amenasa! Dada, niliposikia kadi yako imeyeyuka, nilijua ni huyu. Nimetoa besi langu mwenyewe kuiokoa, nikaweka mtego. Ona kama hakuja kuichomoa!"

"Mzee mwongo!" Spika akalalama. "Alikuwa anauza..."

"Kadi iko mkononi mwa nani?"

Foleni yote ikautazama mkono wa Spika. Dada aliichukua kadi, akaona ni yake, na uso ukabadilika.

"Mjomba, asante. Kumbe lile besi nililoliona nyumbani nyuma ya kochi ni lako, tulipitie. Leo utatupigia studio."

"Na kochi?" Spika akauliza kwa sauti ndogo.

"Atapumzikia Mjomba."

Wakatoka, na foleni ikawafuata ili ikasimulie. Ikabaki meza, kompyuta, boksi jeusi na Spika. Akachomeka waya wa boksi moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kadi yoyote ya chini, basi tu mikono isikae bure. Kijana mwenye gitaa jipya, aliyekuwa ametoka mbali na hakuona chochote, akaingia.

"Ndipo hapa? Naomba nijaribu."

Akapiga. Nzi akavuma ndani ya chupa, wazi kabisa, hakuna cha kuficha. Spika akajikunyata akisubiri matusi.

Kijana alifumba macho. "Aisee," akasema taratibu, "hii ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta."