Jina Langu Kwenye "Usikate Simu"

Jumatatu, 2 Machi 1987
Santuri yetu ya kwanza imetoka! Bendi yetu, Velvet Kobra, iko madukani! Upande wa kwanza, "Radi ya Chuma", mtunzi Duane Kowalczyk, yaani mimi, mpiga besi. Upande wa pili kuna "Usikate Simu", kijiwimbo laini nilichotunga jikoni nikimsubiri Mama amalize umbea kwenye simu. Hicho nilimwachia Trent, mwimbaji wetu, aweke jina lake. Mimi ni mtu wa chuma, yaani roki ya makelele, sitaki kuonekana nalialia hadharani. Mama kauliza nani kachukua taiti yake ya pundamilia. Nikajitia hamnazo. Nilikuwa nimeivaa.

Jumatano, 4 Machi
Redio hawapigi "Radi ya Chuma". Nimewapigia simu kuiomba. Kwanza nikiwa Tiffany wa Burbank. Kisha babu wa Pasadena. Kisha mtawa. Mtangazaji akasema, "Kaka, pumzika, utakauka koo." Akakata! Hawa watu hawana adabu.

Ijumaa, 6 Machi
Wametupiga redioni! Nimeruka juu ya kochi. Kumbe wamegeuza santuri, wanapiga "Usikate Simu". Eti kuna mama wa Reseda, mtaa wetu huu, kawasumbua wiki nzima, yeye na wenzake wote wa saluni. Nikamtazama Mama. Akasema, "Huo ndio wimbo, mwanangu. Ule mwingine unaniumiza kichwa."

Jumanne, 17 Machi
Uko kila mahali. Hata kwa daktari wa meno. Pale barabara ya Sunset, kwenye vilabu vya roki, wasichana wanamlilia Trent begani, wanamuuliza aliyajuaje maumivu ya kusubiri simu. Maumivu gani? Kwao wana simu mbili! Roho inaniuma, sifichi. Nikamwendea kwa upole, nikamwomba anirudishie jina langu. Akaendelea kupulizia nywele zake dawa. "Si wewe uliapa ukikuta jina lako kwenye wimbo wa kubembelezea watoto utahama mji? Haya, mabegi yako wapi?" Bendi nzima ikacheka.

Alhamisi, 26 Machi
Siku ya kupiga video. Mpango: nisimame mbele kabisa, karibu na feni kubwa, niimbe kila neno, dunia ijionee mwenye wimbo ni nani. Nikamaliza makopo matatu ya dawa ya nywele. Feni ikazidaka nywele! Wakazikata nusu kwa mkasi. Mwongozaji anasema pale ninapopiga mayowe atapaacha kwenye video, eti nimelia kwa hisia sana.

Jumapili, 5 Aprili
Kampuni inataka santuri ya pili. Trent kaja nyumbani na donati, mpole ajabu. Kanikuta naosha vyombo, navumisha kitu kidogo cha polepole. Akasimama mlangoni mpaka nikamaliza, macho yamemlowa. Akasema, "Duane, safari hii chagua wewe kwanza wimbo wa kuweka jina lako. Ule wa vyombo ni wako ukiutaka."

Nikacheka moyoni. Watu wameshalia vya kutosha, sasa wana njaa ya chuma! Nikamwambia achukue huo wa vyombo, mimi niachiwe "Radi ya Chuma, Sehemu ya Pili", upande wa kwanza, jina langu peke yake. Nikampa mkono wa makubaliano kabla hajashtuka. Maskini Trent, hajui kachezewa!

Ningempigia mpiga ngoma nimsimulie, lakini Mama kaing'ang'ania simu tangu mchana. Anawaimbia wenzake wa saluni ule wa vyombo.