Mapezi ya Mheshimiwa

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati ya Hadhi ya Umoja wetu wa wahamiaji hapa Birmingham iliutangazia umma kwamba harusi ya Annonciata na Eric ingepambwa na gari la Kimarekani la mwaka hamsini na saba: jekundu, refu kama sala ya mchungaji, lenye mapezi ya papa kwa nyuma na paa la turubai la kukunja. Mimi, Katibu wa Itifaki, ndiye niliyesoma tangazo. Watu walipiga makofi. Nikalisoma tena.

Gari lilikuwa la Baldev, fundi wa Digbeth, Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Alilitoa bure kwa sababu Annonciata ndiye aliyemuuguza mama wa fundi huyo hadi mwisho. Ombi la bibi harusi lilikuwa dogo tu: apande yeye na nyanya yake, Dative.

"Motokari ya hivi niliionaka Bukavu, nikiwa mutoto," Bibi Dative alituambia kikaoni. "Ya Muzungu. Tulikuwa tunaiangalia toka ngambo ya barabara. Kugusa, hapana!"

Kamati iliguswa sana. Kisha ikagawa viti. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Cleopas, alifafanua kwamba bibi harusi anawakilisha familia moja, ilhali uongozi unawakilisha jamii nzima, na jamii nzima haiwezi kupanda basi. Kiti cha nyuma kikatengwa kwa Mwenyekiti, Makamu wake na mimi. Cha mbele, kando ya dereva, akapewa bibi harusi. Bibi Dative alitengewa shukrani za dhati.

Asubuhi ya harusi, nje ya nyumba yao Sparkbrook, Annonciata alituangalia tulivyojipanga kwenye kiti cha nyuma.

"Bila Koko wangu, siingii humo," alisema, akimwonyesha nyanya yake.

"Lakini gari nilileta ya bibi harusi!" Baldev akafoka.

"Bibi harusi amejiuzulu," Mwenyekiti akamjulisha, akahamia mbele.

"Enda tu, Uncle, usigombane nao," Annonciata alisema. "Tutaonana kanisani." Akakusanya gauni lake, akamshika nyanya yake mkono, wakaenda kusubiri basi.

Stratford Road ilikuwa imefungana kwa magari. Mvua ikaanza.

"Nifunge paa?" Baldev aliuliza.

"Watu watatuonaje?" Mwenyekiti akajibu.

Watu walituona. Wauza vitambaa walitoka madukani kutuona. Maji yalitujaa viatuni, na rangi ya tai ya Mwenyekiti ikashuka polepole kwenye shati. Ndipo basi likatupita kwenye njia ya mabasi, kavu kabisa, bibi harusi amekaa dirishani, abiria wakiimba, dereva akipiga honi. Wakatupungia. Mwenyekiti naye akapunga, akidhani ni wananchi wake.

Tulifika kanisani Perry Barr viapo vimekwisha. Shemasi mlangoni alituomba kwa adabu tujikamue kwanza.

Jua lilipotoka, Baldev alikausha viti kwa taulo, akafungua mlango wa dereva.

"Mama, njoo. Gusa kila kitu. Hata honi."

Bibi Dative aliketi nyuma ya usukani. Kwanza alipapasa dashibodi kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayepima joto la mtoto. Halafu akabonyeza honi, akaishikilia, hadi njiwa wa kanisa wakaruka wote. Akacheka huku machozi yakimtoka, na Annonciata akamkumbatia kutoka kiti cha pili. Eric akaruka nyuma bila kufungua mlango.

Mwenyekiti alinyoosha koti, akasogea kwa ajili ya picha rasmi. Baldev akamtia simu mkononi.

"Wewe uko mrefu. Piga."

Akapiga.

"Rudilia, baba," Bibi Dative alimwambia kwa heshima zote. "Umetukata vichwa."

Akarudia. Picha ni nzuri sana: bibi, bibi harusi, bwana harusi, mapezi yanang'aa. Pembeni kushoto kuna kidole gumba kikubwa, kimelowa. Katika kumbukumbu zetu nimeandika kwamba Mwenyekiti alihudhuria.