Prosesa Zenu Zimemponza Mjomba Wangu

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa viwanda vyote viwili vya prosesa za seva (barua ni moja, msigombanie),

Mimi ndiye fundi seva hodari kuliko wote waliowahi kunyonya. Nikiingia chumba cha seva, feni hupunguza kelele kwa heshima. Shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha.

Naandika kwa uchungu. Mjomba wangu, mkuu wa chumba cha seva hapa chuoni, amesimamishwa kazi tangu Jumanne, na wa kulaumiwa ni ninyi. Sababu ni hizi:

1. Viini, yaani vile vichwa vya kufikiri ndani ya prosesa. Mmoja wenu alitangaza prosesa yenye viini sitini na vinne. Mwenzake akaja na tisini na sita. Wa kwanza akanuna, akarudi na mia moja ishirini na nane. Jamani, yai lenye viini viwili tu hujaza watu jikoni kulishangaa! Vikizidi mia si viini tena, ni kiinimacho.

2. Wauzaji wenu. Walikutana ofisini kwa mkuu wa chuo siku moja, saa moja. Huyu akasema, "Mzee wangu, ya jamaa inakula umeme kama mashine ya kusaga." Yule akajibu, "Afadhali hiyo, ndugu yangu. Yako ikifungua barua pepe mbili inashikwa na homa." Mkuu wa chuo, mtu asiyejua kusema hapana, akanunua seva kwa wote wawili. Tangu hapo tunaishi na wake wenza: kila mmoja na bisibisi yake na maringo yake.

3. Soketi, yaani kiti cha prosesa. Kila toleo jipya mnalichongea kiti kipya ili la mpinzani lisikikalie. Makalio ya binadamu hukaa kiti chochote, hata cha kuazima! Jumanne nilipewa prosesa mpya niipachike. Ikagoma kukaa, seva ikafa, na mitihani yote ilikuwa humo ndani.

Kwa hiyo nadai muache kushindana, muoane. Soketi iwe moja dunia nzima. Tena mwandikieni mkuu wa chuo, kwa mhuri, kwamba kosa ni lenu, kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo Mjomba anaitwa mbele ya kamati kufukuzwa. Mkikataa, nitaunda prosesa yangu yenye viini elfu. Bati ninalo.

Wasalimieni wahandisi, walinzi wa getini, na yule anayehesabu viini. Mwambieni apumzishe macho.

Ni mimi niwavumiliaye,
Fundi Radi

Tanbihi: Nimesahau kitu kidogo. Prosesa ina alama ya pembetatu kwenye kona, na soketi ina yake, lazima zielekeane. Mjomba aliniambia mara tatu. Mimi nilikuwa nawaringia wasichana wa mwaka wa pili waliokuwa dirishani, nikaigeuza, nikaigandamiza kwa kiganja. Pini za soketi zikalala zote. Prosesa ilikuwa ya soketi ile ile, haina neno.

Mkuu wa chuo alipouliza ni nani, Mjomba alinitazama, akangoja. Nikainama kufunga kamba za viatu, nami nilikuwa nimevaa kandambili. Ndipo akasema ni yeye.