Msalaba wa Chuma Kwenye Koti la Mwalimu

Leo nimeadhirika, jamaa zangu. Mchana kweupe, Kensington ya huku kwa Makaburu, na kofia yangu kichwani. Nawaandikia chai ikiwa imepoa pembeni, na mama watoto yuko jikoni anacheka peke yake. Afadhali mlisikie kwangu kabla saluni haijalitangaza.

Mnaujua ugonjwa wangu. Marehemu babu alikuwa askari wa Mjerumani kule Tanga, vita ile ya kwanza, na alichotuachia ni kifungo kimoja cha koti. Mimi natafuta beji za Wajerumani wa vita hiyo, hasa moja: Msalaba wa Chuma, nishani ya askari wao. Nataka kuuweka kando ya kile kifungo, basi. (Ndiyo, mwalimu wa madrasa anatafuta msalaba. Kwa hilo mmeshanicheka vya kutosha. Leo kuna jipya.)

Shida ya msalaba huo ni bandia. Zimejaa. Ila dalili zipo. Wa kweli una vipande vitatu: katikati chuma cheusi, kimebanwa na fremu mbili za fedha, na ukitazama ukingoni kwa lenzi ya fundi saa unauona mshono. Bandia nyingi zimemiminwa kwa mpigo mmoja na kupakwa rangi. Hazina mshono, na sumaku haizishiki.

Kwa hiyo natembea na sumaku. Niliichomoa kwenye spika mbovu ya madrasa, na ina nguvu kiasi kwamba jikoni sikaribishwi nayo. Mama watoto ameishonea mfuko ndani ya koti, kifuani, upande wa kushoto. Nikiokota beji sokoni, naigusisha pale kama mtu anayemshukuru Mola, na muuzaji hajui kitu. Ikinasa, moyo unaruka. Isiponasa, nashukuru vilevile.

Asubuhi nimekwenda kwenye soko la vitu vya kale. Muuzaji anaitwa Oom Hennie, Kaburu mzee, kanizidi umri. (Oom kwao ni kama ami kwetu, na mimi mkubwa namwita mkubwa.) Alikuwa na sinia zima la misalaba, aliyonunua kwa mkupuo kwenye nyumba ya marehemu mmoja. Nikauchukua wa kwanza, nikaugusisha kifuani. Kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, vilevile. Hapo subira ikanishinda, mimi ninayewahubiria subira kila Ijumaa. Sikuendelea na iliyobaki. Nikamwambia sinia lote ni bandia.

Ningeishia hapo ingekuwa heri. Lakini watu wakasogea kusikiliza, nami nikanogewa. Nikawaeleza mshono. Nikawaeleza fremu. Nikawaeleza rangi. Masikio ya Oom Hennie yakawa mekundu, na mteja aliyekuwa ameshatoa pochi akairudisha mfukoni.

Ndipo nikaona nimemvunjia heshima mtu mzima. Nikataka kumuaga vizuri, kwa adabu tulizolelewa nazo Tanga. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikainama. Nikainama sana, juu ya lile sinia. Nikasikia kitu kimelia, tak, kidogo tu. Nikadhani ni mgongo.

Nikaondoka.

Sasa, tangu maduka yetu sisi wageni yavunjwe mwezi uliopita, mimi barabarani natembea kwa dua. Na leo kila mtu ananitazama. Kijana wa spaza, kile kiduka cha mtaani, ambaye hunisalimia kila siku kafungua mdomo, kanitazama, kaufunga. Vijana wawili waliosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakagusana viwiko. Nikajisemea, wamenijua, leo ni leo. Kibali changu cha kuishi kinataka kuhuishwa mwezi ujao, na mtu mwenye kesi ndogo tu ananyimwa. Nikakigusa mfukoni. Kipo. Nikaongeza mwendo.

Mbele nikakutana na mama mmoja mtu mzima, mwenye beji ya kanisa lake kifuani. Akasimama, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa, akaniambia, "Amen, Baba." Jamani, nilidhani ananiombea kwa sababu ameona kinachokuja nyuma yangu.

Na kweli kilikuwa kinakuja. Nikasikia viatu vizito vinakimbia, na sauti nene: "Wena! Yima!" Wewe, simama. Nyote mnajua kwamba katika mji huu ukiitwa hivyo kutoka nyuma, hugeuki. Nikakimbia. Sijakimbia tangu mtoto wangu wa mwisho azaliwe. Ndala moja ikabaki kwenye lami, nikaiachia. Nikasoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazichanganya. Mlango wa kwanza uliokuwa wazi, nikaingia.

Ulikuwa wa saluni ya kina mama.

Yaani nimeponea hapo, halafu nimesimama katikati ya wanawake wenye vichwa wazi. Nikakaza macho darini. Mwenye saluni ni Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, ambaye dada yake hunishonea kanzu.

"Papa Mwalimu, unakimbia nini?"

"Nafukuzwa, mama. Funga mlango."

Hakufunga. Mashine ya kukaushia nywele ikazimwa. Ndipo akasema polepole, kwa upole kabisa:

"Papa, siku gani ulimpokea Yesu? Na hautuambie?"

Mteja mmoja akaitikia aleluya. Nikawaambia, macho bado darini, kwamba huu si wakati wa mahubiri, kuna watu wanataka kuniua. Mama Furaha hakubishana. Akanishika bega, akanigeuza mbele ya kioo kikubwa.

Nikashusha macho. Chini ya ncha ya ndevu zangu, mahali ambapo mimi mwenyewe siwezi kupaona, ulikuwa umekaa Msalaba wa Chuma. Mweusi, fremu inang'aa, umenyooka kama nimevishwa na jenerali.

(Sasa mnaelewa ile "Amen".)

Hapohapo mlango ukajaa. Mbele mlinzi wa soko mwenye koti la njano, nyuma yake Oom Hennie anahema, uso kama nyanya. Akasema kwa Kiingereza kwamba ameona wezi wengi maishani, lakini si wa aina hii: anautukana mzigo mbele za watu, halafu anaondoka na mmoja wake kifuani. Mlinzi akaniomba karatasi zangu. Hapo nikakalia kiti cha kusukia. Nimeona kesi. Nimeona kibali kinachanwa. Nimeona watoto wa madrasa wanaambiwa mwalimu wao ni mwizi wa misalaba.

Nikawaonyesha sumaku ndani ya koti. Nikaung'oa msalaba, nikausogeza, tak. Nikaung'oa tena, tak. Mlinzi akajaribu mwenyewe, akacheka mpaka akasahau karatasi zangu. Mama Furaha akawaambia kwa ukali kwamba huyu Papa hata kuiba usingizi hawezi.

Oom Hennie hakucheka. Akauweka msalaba kiganjani mwangu, akaniuliza, "Wewe ndiye unayejua. Huu nao ni bandia kama wenzake?"

Jamani, hapo ndipo nilipoogopa kuliko barabarani. Nikisema ni bandia, nimepona: nani atanishitaki kwa kipande cha bati? Tena ningeununua kwa bei ya bati. Nikisema ni wa kweli, basi ndiyo mimi yule tapeli anayechafua sinia zima ili aondoke na dhahabu yake. Nikatoa lenzi. Nikautazama ukingo, nikiomba mshono usiwepo.

Ulikuwepo. Mzuri, mwembamba, wa mikono ya mtu aliyeijua kazi yake.

"Huu ni wa kweli," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Na nakuomba radhi. Nilihukumu yote kwa mitatu."

Akanipa mkono. Akasema kama ningekuwa mwizi, nisingesema hivyo. Alhamdulillahi. Nikapata nguvu, nikamuuliza anauuza kiasi gani. Akaupangusa kwa shati lake, akanitajia bei mpya.

Nikaomba maji ya kunywa.

Nimerudi nyumbani na ndala moja, kibali kizima, na mwaliko wa Mama Furaha kanisani Jumapili, kiti cha mbele. Kile kifungo cha babu bado kiko peke yake. Nawaomba jambo moja tu: kesho mkinikuta msikitini, nisalimieni mkinitazama usoni. Kifuani hakuna kitu.