Sweta la Ujerumani

Jumapili, 7 Septemba

Nimeagwa! Na usharika mzima! Baada ya mahubiri mchungaji aliniita mbele, wazee wa kanisa wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea safari. Mwaka mzima Ujerumani, kusoma hisabati na fedha! Mama alilia. Umoja wa wanawake wamenifumia sweta la sufu, rangi ya boga, shingo hadi masikioni. Kwenye mnada wa sadaka mama alitoa jogoo wake mwekundu kwa ajili ya shukrani. Mzee Elisaria, mnadishaji wetu, alimnyanyua juu akatangaza kwamba jogoo huyu amelelewa boma moja na profesa. Hiyo niliipenda.

Kuna jambo dogo tu. Chuo bado hakijanichagua.

Lakini nimepiga hesabu. Nafasi ni moja, waombaji wawili: mimi na Kauthar. Kauthar ni binti wa Levolosi, baba yake ana duka la vitambaa, swala tano. Baba wa namna ile atamwachiaje binti aende Ulaya peke yake? Uwezekano wangu ni asilimia tisini. Hizo kumi zilizobaki nimezikatia bima leo madhabahuni. Mungu atamwangushaje kijana aliyeshaombewa mbele ya watu wote? Ataona aibu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimerudi mjini, chumbani kwangu Levolosi. Madam Namnyaki, mkuu wa idara, ametangaza usaili ni Ijumaa. Kauthar akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu. Dada huyu hukokotoa kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Majivuno gani hayo! Mimi natumia penseli, kama mtu mnyenyekevu.

Nikamuuliza kijanja, mzee nyumbani anasemaje? Akasema baba anasita, hajui binti yake anakwenda kukutana na nini huko.

Anasita! Basi kazi yangu ni kumsaidia asite vizuri. Kesho naenda dukani.

Jumanne, 9 Septemba

Sikwenda mikono mitupu, mimi si mshamba. Mama alinipakilia kapu la ndizi na kahawa ya shambani niwapelekee walimu wangu. Walimu watasubiri.

Mzee Abdulrahman ni mpole. Shikamoo, marahaba, kiti hiki hapa, kahawa hii na kashata. Nikajieleza: mimi Brayson, nasoma na Kauthar, mama yangu anauza ndizi Maji ya Chai. Kisha nikamwaga sumu taratibu. Nikamwambia theluji inafika magotini. Nikamwambia soseji zote ni za nguruwe. Nikamwambia wakati wa baridi jua huzama saa kumi jioni, mtoto atachanganyikiwa hadi na nyakati za swala. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa. Akauliza maswali mengi mno. Akanishukuru mara mbili, akanisindikiza hadi barabarani.

Asilimia tisini na tisa! Kapu nimelisahau kule. Si kitu.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa.

Kauthar kanishika maktaba. Alikuwa anacheka na amekasirika, vyote kwa pamoja. Kumbe mzee alikuwa anasita kwa sababu hakuna aliyemweleza ubaya wa kule. Sasa ameelezwa. Akasema kama ni baridi na soseji tu, mtoto ataongeza nguo na atakula mayai. Asubuhi alikwenda mitumba akamnunulia koti zito! Na kalenda ya nyakati za swala ameshaipata kwa imamu.

Haijaishia hapo. Kijana amekuja peke yake, na kapu, kwa baba wa binti, kumsifia binti na kumwonea huruma ya baridi. Shangazi yake, Zuleha, ameshatangaza kwamba nimekuja kuposa. Bila mshenga! Na Mlutheri juu! Duka zima wamecheka hadi wateja. Mzee alinitetea, akasema kijana ana moyo mzuri, ila hajafundwa.

Hajafundwa! Mimi!

Ijumaa, 12 Septemba

Usaili. Niliingia na sweta ili waone niko tayari kwa safari hata leo. Saa saba mchana. Jasho liliingia machoni, nikawa nakonyeza jopo zima bila kukusudia. Madam Namnyaki akauliza kwa nini nafasi iwe yangu. Nikasema ukweli: nimeshaombewa, sweta limeshafumwa, jogoo ameshanadiwa. Haiwezekani kurudi nyuma. Walitazamana. Mmoja alikohoa kwa muda mrefu.

Kisha wakanipa swali la bima ya mazao kwa wakulima wa Nduruma. Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Karatasi ilitoboka.

Kauthar alitoka humo ndani na kalamu yake ya wino. Hata hakutoa jasho.

Jumatatu, 15 Septemba

Kauthar.

Sitaki kuandika zaidi. Nimekula chapati za hasira.

Baadaye. Nimetulia. Tuwe na akili. Mama anajua napanda ndege kesho. Nikimwambia ukweli, Jumapili atakaaje kwenye benchi la mbele? Kwa hiyo ninayemhurumia ni mama. Suluhisho ni rahisi: mwaka una mwisho. Nitajificha hapahapa Levolosi, nitafuga ndevu, nitarudi nyumbani mwakani nikiongea puani. Kutoka hapa hadi kwa mama ni kilomita chache tu, lakini mama haji mjini, anasema mji unamuumiza kichwa. Mpango hauna tundu hata moja.

Jumatano, 17 Septemba

Mama anataka kuniona kwa video. Anataka aione Ujerumani!

Rafiki yangu Simel ana bucha hapa mtaani, lina chumba cha baridi. Nikaingia na sweta. Mvuke mdomoni, safi kabisa! Mama akafurahi, akawaita majirani waone mvuke. Kisha akauliza mbona nyuma yangu kuna mbavu za ng'ombe. Nikasema ni bweni, Wajerumani wanapenda nyama iwe karibu. Akasogeza uso karibu na simu.

Hapo ndipo Simel alipoingia na panga, akapaza sauti kuuliza utumbo wa Mama Ummy umewekwa wapi. Mama akasema huyo Mjerumani anajua Kiswahili vizuri. Nikajibu amekisomea. Mama akauliza, na shuka la Kimasai nalo amelisomea? Nikasema mtandao unakata. Nikakata.

Nadhani ameamini.

Jumamosi, 20 Septemba

Kapu! Lile kapu!

Mtu mwingine angelitupa uani akasahau. Mzee Abdulrahman, hapana. Kwao chombo cha watu hakirudishwi kitupu, wala hakirudishwi kwa kumtuma mtu. Asubuhi akalijaza halua, tende na kilo kadhaa za mchele, akaendesha pikapu yake hadi Maji ya Chai, akauliza mama anayeuza ndizi, mama yake Brayson. Mama akalitambua kapu lake kabla ya kumtambua mtu. Mzee akamshukuru kwa malezi. Akamkaribisha kwenye dua ya kumuaga Kauthar, anayekwenda Ujerumani. Mama akasema mwanangu naye yuko huko huko tangu Jumanne, watasalimiana. Mzee, ambaye hajui kudanganya, akasema kijana alikuwa mbele ya duka lake jana jioni anagombana na muuza chapati.

Walikuja wote wawili. Mama, anayeumizwa kichwa na mji! Nilikuwa bucha, nachagua mbavu nzuri za kukaa mbele yake kwenye simu ya leo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu hata Usa River, hapo jirani tu, haikufika. Akasema tangu tumzike baba hajalia mbele za watu, hadi ile Jumapili. Akauliza, yale machozi ayarudishe wapi? Nikalia mimi. Simel alidhani ni baridi, akanipa koti lake la kazi.

Kisha mama akasema aliyeagwa kanisani hupokelewa kanisani. Kesho, ibada ya kwanza. Na sweta.

Jumapili, 21 Septemba

Nimepokelewa.

Mchungaji akaniita mbele. Nikasema nimerudi. Mtu akauliza kutoka wapi. Nikasema bucha. Kanisa lilicheka hadi kwaya ikashindwa kuanza wimbo. Mama hakucheka. Alisimama wima benchi la mbele, akanitazama hadi nilipomaliza kuungama yote, ya dukani kwa baba wa Kauthar na ya bweni la mbavu.

Nje, kwenye mnada, akanivua sweta mwenyewe, kama anavyovuliwa mtoto wa shule ya awali, akampa Mzee Elisaria alinadi. Mzee akalinyanyua, akatangaza kwamba sweta hili limefika Ulaya na kurudi bila kuvuka daraja. Watu wakashindana. Mama akawashinda wote. Nikanyoosha mikono kulipokea, nikijua amenisamehe. Akanipita. Akalikunja, akaliweka ndani ya lile kapu, juu ya chane za ndizi mpya, akasema linakwenda Levolosi, kwa mtoto anayekwenda kweli. Akina mama waliolifuma wakapiga vigelegele. Akanipa mimi nilibebe kapu, nilipeleke kesho, na akaniambia nisilisahau huko.

Nimewaza sana leo. Nimeona kosa langu lilipo. Lilikuwa sweta, lilivuta macho ya watu.

Kauthar akiondoka, mwakani kutakuwa na nafasi nyingine, na mshindani ni mmoja tu, Nelson, ambaye hesabu za riba humpa homa. Asilimia tisini na tano. Baada ya ibada nimemvuta pembeni kiongozi wa kwaya ya vijana. Nimemwambia waanze mazoezi ya wimbo wa kuniaga.